Jibu Halilingani: Kusaka Kosa kwenye Kanuni za Thévenin, Norton na Wenzao

Umechora, umehesabu, umerudia mara ya tatu, na bado Thévenin (kanuni inayobadili saketi nzima ya vyanzo na rezista, ikitazamwa kwenye ncha mbili, kuwa chanzo kimoja cha volteji na rezista moja mfululizo) anakupa 0.44 A huku Kirchhoff (kanuni za kujumlisha mikondo kwenye vifundo na volteji kwenye mizunguko) aking'ang'ania 0.5 A. Wengi hapo hukimbilia kikokotoo na kubonyeza upya. Kikokotoo hakina hatia. Katika kusahihisha kazi za watu na kupima saketi mezani, nimeona kosa karibu kila mara limeshaingia kwenye mchoro kabla tarakimu ya kwanza haijaandikwa: mzigo uliosahaulika kutolewa, chanzo kilichozimwa vibaya, kanuni iliyopelekwa kwenye saketi isiyoihusu. Na kila kosa la namna hii huacha nyayo zake. Ukijua kusoma jibu baya, litakuonyesha ulipoteleza.

Tutatumia saketi moja karibu muda wote. Betri ya 12 V. Kutoka ncha yake chanya, rezista ya omu 6 inakwenda hadi kifundo A, yaani mahali nyaya zinapokutana. Kutoka A, rezista ya omu 3 inashuka hadi waya wa chini, ule unaorudi kwenye ncha hasi ya betri. Kutoka A hiyohiyo, rezista ya omu 2 inaelekea kulia na kuishia kwenye ncha P. Mzigo, yaani kile kinachotumia umeme, hapa rezista ya omu 4, unaungwa kati ya P na waya wa chini. Ichore kabla hujaendelea, maana nitakuwa nikiielekezea kidole kila mara.

Majibu sahihi tuyaweke wazi mapema. Volteji ya Thévenin kati ya P na waya wa chini, mzigo ukiwa umetolewa, ni 4 V. Ukinzani wa Thévenin, yaani ule unaoonekana kwenye ncha hizo vyanzo huru vikiwa vimezimwa, ni omu 4. Mkondo wa Norton, yaani unaopita ncha hizo zikipigwa shoti kwa waya mtupu, ni 1 A. Mzigo ukirudishwa unapitisha 0.5 A, unapata 2 V na kula wati 1.

Ukinzani wa Thévenin umetoka vingine

Hili ndilo lalamiko linaloongoza, kwa hiyo tulikalie.

Umepata omu 5? Ulipoambiwa uzime betri, uliing'oa ukaacha pengo. Rezista ya omu 6 ikabaki inaning'inia, haina pa kwenda, ukajumlisha 2 na 3. Kuzima chanzo cha volteji maana yake ni kukifanya kitoe volti sifuri, na kitu chenye volti sifuri daima, hata mkondo wowote upite, ni waya mtupu. Kwa hiyo mahali pa betri weka waya. Chanzo cha mkondo ni kinyume chake: kukizima ni kukifanya kitoe ampia sifuri, na hapo ndipo pengo linapofaa. Anayeshika "volteji waya, mkondo pengo" bila kujua sababu atazigeuza siku ya mtihani. Anayejua kwamba vyote viwili ni suala la kuweka sifuri hatazigeuza.

Kosa hili ndilo linaloleta ile 0.44 A ya mwanzo: 4 V ukigawa kwa 5 jumlisha 4.

Umepata omu 11? Uliweka waya mahali pa betri, vizuri, lakini ukasoma mchoro kama ulivyokuwa mwanzo: 6, kisha 3, kisha 2, zote kwenye foleni moja. Betri ikishakuwa waya, mguu wa kushoto wa omu 6 umefika kwenye waya wa chini. Sasa omu 6 na omu 3 zote zinaanzia A na kuishia chini, yaani ziko sambamba, na zinatoa omu 2. Jumlisha ile omu 2 ya kuelekea P, unapata 4. Dawa yake ni kuchora upya saketi baada ya kuzima vyanzo. Kuchora hasa kwenye karatasi, usiishie kuwazia.

Umepata omu 2.4? Huyu alipitia njia ya Norton. Alipiga shoti kati ya P na waya wa chini, akahesabu mkondo, akapata 1.67 A, akagawa 4 V kwa huo. Lakini 1.67 A ni mkondo unaotoka kwenye betri. Ukifika A unagawanyika: 0.67 A inashuka kupitia omu 3, na 1 A ndiyo inayopita kwenye ile shoti yenyewe. Mkondo wa Norton ni ule wa kwenye shoti peke yake.

Umepata omu 2? Hapa pana utamu, kwa sababu kuna njia mbili za kulifikia jibu hilo baya, na ukinzani peke yake hauwezi kuzitofautisha. Ya kwanza: ulisahau kutoa mzigo. Omu 4 ya mzigo imekaa sambamba na omu 4 ya kweli, ikaleta 2. Ya pili: uliisahau rezista ya omu 2 iliyo kati ya A na P, ukaangalia kutoka A badala ya P. Tazama volteji uliyopata. Kama nayo ni 2 V, ulisahau mzigo, maana uliyoipima ni volteji ya saketi ikiwa inafanya kazi. Kama volteji ni 4 V sawasawa, kosa ni la rezista ya kati: bila mzigo hakuna mkondo unaopita humo, hivyo A na P zina volteji moja, na kosa lako halikuonekana upande huo.

Ukinzani uko sawa, volteji ni nusu

Omu 4 umeipata vizuri, ila volteji ya Thévenin imetoka 2 V. Angalia kama uliiweka ile omu 2 sambamba na omu 3. Ukifanya hivyo unapata omu 1.2, na kigawanya volteji kinakupa 12 mara 1.2 gawanya kwa 7.2, yaani 2 V kamili. Hesabu safi, mchoro mbovu. Mzigo ukiwa umetolewa, mwisho wa omu 2 unaning'inia hewani. Rezista isiyopitisha mkondo haishushi volti yoyote. Kwa wakati huo ni kama waya tu.

Unapata sifuri gawanya kwa sifuri

Saketi ina chanzo tegemezi, haina chanzo huru hata kimoja. Volteji ya ncha zilizo wazi ni 0, mkondo wa shoti ni 0, na fomula inakuangalia usoni. Hapo wengine huzima kila chanzo kwa mazoea, na jibu likitoka linakuwa si lenyewe.

Chanzo tegemezi hakizimwi. Hutii mkondo au volteji ya mahali pengine kwenye saketi, hivyo ni sehemu ya tabia ya saketi kama zilivyo rezista. Njia ya uhakika ni kuunga chanzo cha majaribio cha 1 V kwenye ncha, kuhesabu mkondo kinaotoa, kisha kugawa.

Mfano mdogo. Kati ya P na waya wa chini kuna rezista ya omu 2 inayopitisha mkondo i, na pembeni yake chanzo tegemezi kinachosukuma 0.5i kuingia P. Unga 1 V. Mkondo i ni 0.5 A. Chanzo tegemezi kinaleta 0.25 A. Kilichobaki kwa chanzo cha majaribio kutoa ni 0.25 A tu, kwa hiyo ukinzani unaoonekana ni omu 4. Aliyezima kila kitu ataandika omu 2 na kwenda kulala. Sasa badili 0.5i iwe 3i: chanzo tegemezi kinaleta 1.5 A, chanzo cha majaribio kinalazimika kupokea 1 A badala ya kutoa, na ukinzani unakuwa hasi, omu moja hasi. Usiufute. Saketi yenye chanzo tegemezi inaweza kabisa kutoa nishati kwenye ncha zake, na hiyo alama ya hasi ndiyo inayokuambia hivyo.

Mikondo inajumlika, nguvu haijumliki

Supaposisheni inasema hivi: kwenye saketi linia yenye vyanzo vingi, acha chanzo huru kimoja kifanye kazi, zima vingine, hesabu, rudia kwa kila kimoja, kisha jumlisha. Linia ni saketi ambayo ukizidisha vyanzo vyake vyote mara mbili, kila mkondo na kila volteji nayo inazidi mara mbili.

Tubadili kidogo saketi yetu. Chini ya omu 3 tia betri ya pili ya 6 V, chanya ikitazama juu, na toa tawi la P. Badala yake unga mzigo wa omu 2 kati ya A na waya wa chini. Betri ya 12 V peke yake inaleta 2 V kwenye A. Ya 6 V peke yake nayo inaleta 2 V. Jumla 4 V, na mzigo unapitisha 2 A. Hadi hapo shwari.

Sasa mtu anahesabu nguvu. Betri ya kwanza: 1 A mraba mara omu 2, wati 2. Ya pili: wati 2. Anajumlisha, wati 4. Kumbe mzigo unakula 2 A mraba mara omu 2, wati 8. Nusu nzima imepotea njiani! Sababu ni ule mraba. Mraba wa jumla si jumla ya miraba. Kuna kipande cha kati, 2 mara mkondo wa kwanza mara mkondo wa pili, na ndicho kilichoachwa. Geuza betri ya 6 V kichwa chini, miguu juu: sasa mchango wake ni 2 V hasi, A inabaki na 0 V, mzigo haupati chochote, ila yule anayejumlisha nguvu bado anasema wati 4. Utaratibu ni mmoja: jumlisha mikondo au volteji kwanza, nguvu ihesabiwe mwishoni mara moja.

Ipo hali moja ambapo wastani wa nguvu unajumlika bila shida, nayo ni pale vyanzo vinapokuwa vya masafa tofauti (idadi ya mawimbi kwa sekunde), mfano mkondo mnyoofu na mkondo geu juu yake. Kipande kile cha kati kinapanda na kushuka, na wastani wake kwa muda mrefu ni sifuri. Pengine hapo ndipo baadhi ya watu walipoiokota ile tabia mbaya.

Saketi mbadala inakula nguvu tofauti na saketi halisi

Swali hili huulizwa kwa aibu, na halistahili aibu. Kwenye saketi yetu ya kwanza, mzigo wa omu 4 ukiwa umeungwa, betri inatoa 1.5 A kwa 12 V, yaani wati 18. Rezista ya omu 6 inakula 13.5, ya omu 3 inakula 3, ya kati nusu wati, mzigo wati 1. Kwenye saketi ya Thévenin, chanzo cha 4 V kinatoa 0.5 A, wati 2 tu: moja kwa mzigo na moja ndani. Wati 16 zimekwenda wapi?

Hazijaenda popote, ni kwamba Thévenin hakuahidi kuzihesabu. Ahadi yake inahusu ncha mbili na kilicho nje yake: volteji hiyohiyo, mkondo huohuo, kwa mzigo wowote. Ndani ya sanduku hajishughulishi. Toa mzigo kabisa uone vizuri zaidi: saketi halisi inaendelea kula wati 16 bure, saketi ya Thévenin inakula sifuri, na saketi ya Norton (chanzo cha mkondo na rezista sambamba nacho), yenye 1 A inayozunguka kwenye omu 4 yake, inakula wati 4. Majibu matatu tofauti, na ukiwa nje kwenye ncha huwezi kujua ni lipi limo ndani. Ukitaka joto la rezista za ndani au muda betri itakaodumu, rudi kwenye saketi halisi.

Kwa njia, jina la Thévenin limekaa juu ya kitu ambacho Hermann von Helmholtz alikichapisha 1853, akiwa anachunguza umeme kwenye miili ya wanyama. Léon Charles Thévenin, mhandisi wa telegrafu nchini Ufaransa, aliifikia mwenyewe 1883. Edward Norton wa Marekani na Hans Mayer wa Ujerumani waliandika umbo hilo la chanzo cha mkondo kila mmoja kivyake mwaka 1926, mwaka uleule aliofariki Thévenin.

Mkondo umetoka hasi

Si kosa. Mshale uliouchora unaelekea upande usio wenyewe, basi. Usiugeuze katikati ya hesabu. Uache, maliza, halafu useme mkondo unaelekea kinyume. Kosa linakuja pale unapogeuza mshale kwenye mlinganyo mmoja na kuusahau kwenye mwingine. Kipimo cha haraka ni nguvu: jumla ya wati zinazotolewa na vyanzo lazima ilingane na jumla inayoliwa, kama zile 18 hapo juu.

Baada ya kubadili chanzo, mkondo wa rezista umebadilika

Betri ya 12 V yenye omu 6 mfululizo unaweza kuibadili kuwa chanzo cha mkondo cha 2 A chenye omu 6 sambamba. Mshale wa mkondo uelekee upande ilikokuwa chanya. Ukiugeuza, kila alama mbele yako itageuka. Kisha omu 6 na omu 3 zinaungana kuwa omu 2, unarudi kwenye volteji: 4 V na omu 2 mfululizo, jumlisha omu 2 ya kati, na Thévenin huyo hapo kwa mistari minne.

Shida inaanza ukiulizwa mkondo wa omu 6 yenyewe. Mzigo ukiwepo, A ina 3 V, na kwenye saketi iliyobadilishwa omu 6 inapitisha 0.5 A. Kwenye saketi halisi inapitisha 1.5 A. Omu 6 ya sambamba si ile ya mwanzo, zimelingana ukubwa tu. Ukitaka mkondo wa kweli, chukua 3 V ya kifundo A urudi nayo nyumbani: 12 toa 3, gawa kwa 6. Kwa sababu hiyohiyo usibadili kamwe tawi linalobeba kitu unachotafuta, wala tawi lenye mkondo unaokiongoza chanzo tegemezi. Utakimeza na hutakiona tena.

Kama chanzo cha volteji hakina rezista yoyote mfululizo nacho, hakibadiliki. Rezista iliyoungwa moja kwa moja sambamba nacho haisaidii: kwa saketi iliyobaki ni kama haipo, na ukizima chanzo hicho kuwa waya inapigwa shoti na kutoweka.

Hakuna mfululizo wala sambamba

Umefika kwenye daraja la rezista tano na hakuna mbili zinazokubali kuungana. Usilazimishe. Rezista mbili ni mfululizo pale tu kifundo kilicho kati yao hakina mtu wa tatu, na ni sambamba pale tu ncha zao zote mbili zimekutana. Kama hakuna, geuza pembetatu moja (rezista tatu zilizofunga mzunguko) iwe nyota (rezista tatu zinazokutana katikati): kila mguu wa nyota ni zao la pande mbili za pembetatu zinazokutana kwenye kona hiyo, gawanya kwa jumla ya pande zote tatu. Pembetatu ya omu 2, 3 na 5 inatoa miguu ya omu 0.6, 1 na 1.5. Mguu ukitoka mkubwa kuliko mojawapo ya pande zilizouzaa, umegawa kwa kitu kisicho chenyewe.

Kanuni zote zimegoma: kuna diodi ndani, au masafa mawili

Chukua vyanzo viwili vya 0.5 V, viunge mfululizo na diodi ya silikoni (hupitisha mkondo upande mmoja, tena volteji ikitosha) na rezista. Kimoja kimoja, diodi karibu haipitishi kitu. Vyote pamoja ni 1 V, na diodi inafunguka. Kidogo sana jumlisha kidogo sana kikazaa mkondo wa kuonekana: supaposisheni imekufa hapo. Ila usiitupe saketi nzima. Diodi ichukulie kama mzigo, sehemu yote iliyobaki ifanyie Thévenin. Kwenye saketi yetu, ukiunga diodi mahali pa mzigo na kuikadiria 0.7 V, mkondo ni 3.3 gawanya kwa 4, karibu 0.83 A.

Kwa mkondo geu, saketi ya Thévenin yenye kapasita au koili ni ya masafa mamoja tu. Vyanzo vya masafa mawili vihesabiwe mbalimbali, na majibu yajumlishwe kama mawimbi ya muda. Kujumlisha fezori (namba zinazobeba ukubwa na awamu ya wimbi) za masafa tofauti ni kama kujumlisha saa na kilo.

Nimelinganisha mzigo, nguvu imeshuka

Kanuni ya nguvu ya juu inasema mzigo unapata nguvu kubwa kabisa ukilingana na ukinzani wa Thévenin. Inahusu kuchagua mzigo chanzo kikiwa kimeshawekwa. Mtu anayeongeza rezista kwenye chanzo ili kilingane na mzigo ameisoma kinyumenyume. Mzigo wa omu 4 kwenye chanzo cha 4 V chenye omu 4 unapata wati 1. Ukiweza kuondoa ule ukinzani wa ndani, unapata wati 4. Kama ni chanzo unachochagua, chukua chenye ukinzani mdogo kabisa.

Wala nguvu ya juu si ufanisi wa juu. Vikilingana, nusu ya nguvu ya chanzo cha Thévenin inaishia ndani. Kuchanganya mambo haya mawili kuliwafanya watu makini wa karne ya 19 waamini kuwa mota inayoendeshwa na betri haiwezi kupita ufanisi wa asilimia 50. Na usijisumbue kutafuta kulingana kwa nukta: kwenye saketi yetu mzigo wa omu 2 unapata wati 0.89, wa omu 8 vilevile 0.89. Kilele hicho ni bapa.

Mezani: multimita haikubaliani na daftari

Rezista mbili za megaomu 1 mfululizo kwenye 10 V. Daftari linasema katikati pana 5 V. Multimita ya dijitali inasoma 4.76. Ya mshale, kwenye skeli ya 10 V, inasoma 1.4 hivi. Hakuna aliyeharibika. Ukiwa katikati hapo unaona 5 V yenye ukinzani wa Thévenin wa kiloomu 500, na multimita ni mzigo kama mzigo mwingine: ya dijitali kwa kawaida ni megaomu 10, ya mshale ya kiloomu 20 kwa kila volti inakuwa kiloomu 200 tu. Ukijua ukinzani wa mita yako, rudisha hesabu nyuma na 5 V inajitokeza.

Ukinzani wa Thévenin wa betri usiutafute kwa kupiga shoti ncha zake, hata kama kitabu kinasema "mkondo wa shoti". Betri ya 12.4 V inayoshuka hadi 11.9 V ikitoa 2 A ina ukinzani wa omu 0.25, ukiipiga shoti ni karibu 50 A, na waya mwembamba utakuachia kovu. Tumia vipimo viwili, bila mzigo na ukiwa na mzigo unaoujua, hesabu tofauti.

Na ule ugonjwa ulionila jioni nzima wakati fulani: mita inasoma 12 V kwenye soketi ya taa, taa mpya haiwaki, ukiitoa taa mita inasoma 12 V tena. Nilibadili taa tatu. Chanzo kilikuwa kiungo kilichoota kutu njiani. Kiungo cha namna hiyo kikifika kiloomu 2, mita ya megaomu 10 haioni tofauti yoyote, lakini taa ya omu 24 inapata 0.14 V pekee. Ukipima soketi tupu unapima volteji ya Thévenin na kusahau ukinzani wake. Kwa hiyo acha taa mahali pake, swichi iwe imewashwa, weka ncha moja ya mita kwenye chanya ya betri, na ya pili itembeze kwenye waya kiungo kwa kiungo kuelekea kwenye taa. Mita itasoma karibu sifuri, sifuri, sifuri, kisha itaruka ghafla hadi 11.86 V. Kiungo ulichokivuka sasa hivi ndicho cha kukwangua.